Sanduku la Skegness

Tulilipa mapema, mwezi wa kwanza, barafu ikiganda dirishani:
karavani yenye vitanda vinne na jiko la gesi,
siku tano Skegness, Julai, shibiri tatu tu kutoka kwenye mawimbi,
ndivyo picha ilivyodai.
Twalibu alizitoa kidogo kidogo, pauni za zamu za usiku
kule ghalani anakofunga viatu vya watu wengine.
Saumu akachagua ndoo nyekundu ya kuchezea mchanga,
akalala nayo mpaka mpini ukamwachia alama shavuni.

Nchi ilipofungwa yote, hatukunung'unika sana.
Kifo cha wengi harusi.
Tulipanga foleni nje ya duka, mita mbili mbili,
kama wageni wa harusi waliogombana.
Ndani, rafu ya unga ilibaki na kibandiko cha bei tu.
Leicester nzima iligeuka waokaji,
hamira ikatafutwa kuliko dhahabu.
Karatasi za chooni hatukuzihangaikia;
kopo la maji halijawahi kuisha dukani.

Bwana Hasmukh, mzaliwa wa Mwanza, muuza viungo wa pale konani,
alininong'oneza kwa Kiswahili ili foleni isielewe:
"Mama Saumu, kilo zako nne ziko chini ya mizani.
Toka nazo kama umebeba mtoto."
Nikatoka nazo hivyo hivyo,
nikiupigapiga mfuko mgongo upate kucheua.

Sanduku la safari lilikuwa wazi sebuleni tangu Machi.
Lingebeba taulo; likabeba dengu, mchele, miche ya sabuni.
Na ile ndoo nyekundu ikawa pishi yangu:
ndoo moja ya unga, chapati kumi na mbili, siku moja.
Saumu alitazama bila kusema.

Kisha wengine wakafunguliwa, sisi tukabaki.
Walichora mstari kwenye ramani,
mstari ukapita katikati ya barabara yetu:
namba shufwa ndani, namba witiri nje.
Dada yangu Mwanakombo yuko arobaini na moja.
Hatua kumi na nne. Nimezihesabu kwa macho, siku nyingi.
Yeye akaenda kusukwa nywele;
mimi nikaosha dirisha nipate kuziona vizuri.

Barua ya karavani ilikuja imeandikwa anwani yetu kama shtaka:
wakazi wa eneo lenu wasije; fedha hazirudishwi,
tarehe tu ndiyo inayosogezwa.
Twalibu akaisoma mara mbili, akaikunja ikawa ndogo kama tiketi.
"Kitumbua kimeingia mchanga," akasema,
akaenda kulala mchana.

Mwanakombo alikwenda na wanawe, Jumamosi ileile yetu.
Kabla hajaondoka, Saumu alifika hadi kwenye mstari mweupe wa katikati,
akaiacha ndoo pale, akarudi mbio
kama aliyetega kitu.

Jumatatu jioni nikasikia honi.
Ndoo ilikuwa juu ya mstari, imejaa mchanga mbichi,
juu yake kombe moja lililovunjika
na risiti ya kuegesha gari.
Saumu aliumwaga wote bafuni, akakaa ndani yake na soksi zake,
akakataa chakula mpaka giza.

Niliisugua ile ndoo. Wallahi niliisugua,
maji ya moto, sabuni, vidole.
Sikuwa na pishi nyingine, na unga ulikuwa wa kupimwa.
Lakini chapati za wiki ile zililia kati ya meno,
kr, kr,
na mezani hakuna aliyesema neno,
hata Twalibu, ambaye hali bila kulalamika.
Alitafuna polepole, macho kayafumba,
akaomba nyingine.