Chini ya Rangi ya Nne

Hapa Umoja nikisema kazi yangu ni unga
watu hunitazama mara mbili.
Askari mmoja wa zamu aliwahi kunusa mtungi mzima,
akapiga chafya nyekundu hadi Jumapili.
Si unga huo. Wala si wa sima.
Huu ni unga wa rangi, mkavu, mwepesi kama uongo wa mtoto,
hushikwa na umeme kabla ya kushikwa na moto.

Uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo za Mama Kerubo,
nina oveni niliyoinunua Gikomba, mlango una ufa.
Nimeiandika kwa chaki: SI YA CHAKULA.
Mama bado huitazama kila Krismasi
kama mtu aliyenyimwa mkwe.

Jumanne Okinda akaniletea kiti cha marehemu babake,
kiti cha kinyozi, mifupa mitupu, ngozi imeshang'olewa.
"Kipake chekundu. Kiwe kipya. Nafungua duka Donholm."
Alilipa nusu, akakiacha juu ya gunia.

Rangi haishiki juu ya uchafu, hilo hata mlevi anajua.
Nikakwangua.
Buluu ya juzijuzi,
chini yake kijani kilichopauka,
kisha rangi ya maziwa,
kisha nyeusi, nene kama lami, yenye kiburi.
Mchana kutwa mimi na msasa, msasa na mimi,
barakoa imelowa, mate yana ladha ya sarafu.

Nilipopindua kikanyagio cha miguu
chuma kikaanza kusema.
Majina, yamechorwa kwa msumari, kwa mkono usio na haraka:

Fundi Bakuli 20
Mwalimu Nyamweya 15, na mtoto 10
Mama Shiro vijana watatu, amelipa
Kondakta mrefu 30, asinyolewe tena

na pembeni, karibu na tundu la skrubu:

Mulei wa Redio 40

Baba.
Baba aliyekuwa akirudi Ijumaa kichwa kinang'aa,
ananukia spiriti na poda,
mfuko mtupu, anapiga mluzi.

Grainda ingeyafuta kwa dakika mbili.
Niliiwasha. Ikanguruma mkononi.
Nikaizima.

Nikakiosha kiti kwa thina, nikavaa glavu,
maana kidole kimoja chenye mafuta
huacha kovu lisilotibika.
Nikakitundika kwa waya, nikabana klipu ya ardhi,
nikashika bunduki (ya rangi, askari wangu, ya rangi)
na unga ukaruka, ukazunguka bomba,
ukaingia hata pale nisipolenga,
kama habari za ploti.
Kwenye kikanyagio nilipuliza mara moja tu,
nikainua mkono.

Nyuzi mia mbili. Dakika ishirini,
zihesabiwe chuma chenyewe kikishapata joto, si kabla.
Ya kumi na moja, mita ikalia: tokeni zinaisha.
Nikatuma shilingi mia tatu,
nikabonyeza tarakimu ishirini, midomo ikizitaja moja moja
kama mtu anayesali kwa lugha ya kuazima.
Nikakosea. Nikaanza upya.
Mita ikanyamaza.
Na kule ndani, nyuma ya ufa,
unga ukayeyuka, ukalala, ukawa kioo,
haukuotesha ngozi ya chungwa.

Kilipopoa nilipitisha kidole gumba chini ya kikanyagio.
Wote wapo. Hata kondakta.

Alhamisi Okinda akaja na mkokoteni na nusu iliyobaki.
Alikizunguka kiti, akajiona usoni mwa bomba,
akarekebisha kola.
Nikamrudishia noti na vichele.
"Nimeondoa arobaini."
"Ya nini?"
"Ya kunyoa."
Akaziangalia rasta zangu zinazofika kiunoni,
akacheka sana, akafunga kiti kwa kamba ya katani.

Hajakipindua bado, nadhani.
Mita inasoma yuniti nne.
Kuna mtu ameleta fremu ya kitanda.