Vidole Vinne Chini

Kile kidonge cha chuma kinachoshika kioo cha kutazamia nyuma
Orrin alikibandika mwenyewe, mwaka tuliponunua gari,
kwa gundi ya kuungia mabomba, ile ya mirija miwili,
kwa kuwa ya dukani, alisema, ni ya watu wasiojua baridi.
Akapima kwa jicho lake. Jicho lake liko juu:
mume wangu ni mrefu kama mlingoti wa bendera ya posta.
Basi miaka kumi na mmoja, kila nilipoendesha mimi,
nilitazama nyuma nikaona paji la uso wangu,
kitambaa cha dari, na lile doa la kahawa
ambalo hakuna anayekiri alivyolifikisha kule.

Oktoba daktari alimwonyesha herufi, akasoma ukuta.
Leseni ikabaki mezani. Funguo zikahamia pochini mwangu
bila hotuba.

Sasa ni Machi, Dakota ya Kaskazini, theluji imechakaa
kama shuka la hospitali. Gari nimeliingiza bandani,
hita imewaka usiku kucha, maana Delphine wa duka la matairi
alinionya: kioo kilicholala kwenye baridi
ukikichoma ghafla kitacheka pembe hadi pembe.

Nikachora alama kwa nje, kwa kalamu ya nta.
Nikaleta kikausha nywele. Orrin akaja na fimbo yake,
akapapasa mlango, akaketi upande wa abiria,
upande ambao bado anaukalia kama mgeni.
"Usivute," akasema.
"Najua."
"Usikipige nyundo."
"Nani kataja nyundo?"
"Nakusikia unavyopumua."

Dakika tano za upepo moto. Gundi kimya.
Nikapitisha mshipi nyuma ya chuma,
ule wake wa samaki wakubwa wa chini ya barafu,
ncha zake nimezizungusha kwenye vijiti viwili,
nikakereza, kushoto, kulia, kushoto, kulia,
kama anayekata mche wa sabuni. Ukakatika.
Mwingine. Ukakatika.
"Ulikuwa unaunga bomba la mafuta?"
"Nilitaka kisianguke."
"Hakikuanguka."
"Basi."

Moto tena. Safari hii kikausha alikishika yeye,
mkono wangu ukiuelekeza wake. Harufu ya vumbi lililoungua,
ya nywele zangu za zamani. Koleo, kitambaa juu ya meno yake,
nikakizungusha chembe. Chembe tena.
Tik.
Sote wawili tukanyamaza tukingoja sauti ya pili,
ile ndefu, inayokwenda mbio hadi ukingoni.
Haikuja.

Kidonge kikalala kiganjani mwangu, bado moto,
na mgongoni mwake kimeng'ata kipande cha kioo,
chembamba kama gamba la samaki.
Nikamkabidhi. Akakigeuzageuza kwa kidole gumba.
"Kimeondoka na kitu," akasema.
Nikasema ndiyo.

Ukoko wa gundi uliishia kwa wembe
na dawa ya kuondolea rangi ya kucha,
chupa niliyoinunua kwa harusi ya Kirsten, sikuifungua tena.
Kovu limebaki; ukipitisha ukucha unalijua.
Nikapima kwa jicho langu. Vidole vinne chini.
Gundi ya dukani, tone moja, sekunde sitini
nikibonyeza huku yeye akihesabu kwa sauti.
Akairuka hamsini na tatu. Nikamwachia.

Kesho yake tulitoka bandani kinyumenyume.
"Unaona nini?"
Nikamwambia: uwanja. Pipa la taka la akina Tveit,
limelala ubavu. Kamba ya nguo, haina nguo.
"Na mbwa?"
Hakuna mbwa.
"Daima palikuwa na mbwa," akasema,
na mimi, ambaye sijawahi kuona nyuma ya gari hili,
nikakanyaga breki, nikatazama tena.