Pazia

Bwana Šebesta alibisha hodi Jumamosi, saa tano na nusu,
ndara miguuni, barua mkononi,
barua aliyokusudia kuipeleka kwa msimamizi wa jengo:
kwamba mimi, Zdislava Vrbková, ghorofa ya sita,
hujifunika kitambaa cheusi kama mpiga picha wa zamani
nikaelekeza bomba dirishani kwake.
"Najua macho hayana pazia," alisema,
"lakini mimi ninalo, na nimechoka kulifunga mchana."

Nilicheka, ikawa vibaya zaidi.
Ni Oktoba, nikamwambia. Hapa Ostrava mwezi huu
jua halipandi, linatambaa juu ya paa lenu
kama mtu anayetafuta funguo alizoangusha.
Nalifuata lilipo. Wewe uko chini yake tu,
wewe na suruali zako kambani.

Njoo.

Bomba lenyewe si kubwa, halifiki kiwiko changu,
lenzi yake kama kifuniko cha chupa ya jamu.
Hulilengi jua kwa jicho. Unatazama ukutani, nyuma,
unageuza taratibu mpaka kivuli cha bomba
kisinyae, kisinyae, kiwe duara tupu:
hapo limeingia. Hata leo jambo hili hunifurahisha,
kwamba unalifikia kwa kulipa mgongo.

Aliinama. Nikamfunika.
"Nyekundu," alisema. "Nyekundu tu. Kama taa ya lifti."
Wote husema hivyo. Nami nilisema.
Miaka thelathini na mmoja nimeunga mabehewa kwa moto wa umeme,
nikiutazama kupitia kioo cheusi,
mpaka jicho la kulia likapata shimo dogo katikati,
na mwanga, kule kiwandani, ulinifundisha neno moja: kwepa.
Chombo hiki kina neno jingine. Kinautupa mwanga karibu wote,
manjano yake, buluu yake, ukali wake,
kinabakiza uzi mmoja wa wekundu, ule wa haidrojeni,
kama kulinyamazisha soko zima
ili umsikie mtu mmoja anayehesabu chenji.

Subiri, nikamwambia. Usikodoe. Acha jicho lisahau chumba.
Nikageuza pete, upana wa ukucha,
nikarudisha nusu yake.

Akanyamaza.
"Lina manyoya," alisema. "Pembeni. Kama mgongo wa ndama."
Mwaka wa nane huu naliangalia, sikuwahi kulipatia neno:
daftarini nimeandika "ukingo si laini", basi.
Na kushoto, akasema, kuna kitu kimesimama kama uzio. Unaungua?
Ni ndimi za moto, nikamwambia. Dunia nne zikipandana
ndipo zichungulie juu ya uzio huo.
Na ule ufa mweusi unaokatiza usoni?
Ni kitu kile kile. Kikikaa pembeni, nyuma yake giza, kinang'aa;
kikiwa mbele ya moto unaokizidi, unakiona cheusi.
Alitoa kichwa kitambaani, nywele zimesimama,
akasema dada yake alikuwa hivyo.
Sikuuliza.

Tulipotazama tena, uzio ulikuwa umekatika juu,
kipande kinaelea peke yake, hakikushikwa na kitu.
Dakika ishirini tu hizo.
Nilitafuta karatasi, nikachora: kisosi kwa duara, penseli, saa.
Kisha wingu, la kawaida, rangi ya maji ya kuoshea deki,
na kilichofuata huko juu hatukukiona wala hatutakiona.
Alipokwisha kwenda ndipo nikageuza karatasi
nikasoma jina langu, na ghorofa yangu, na malalamiko yote,
kwa mwandiko mzuri sana.

Pazia bado analifunga. Mazoea.
Lakini upepo ukitoka kaskazini
yeye ndiye huliona pengo la mawingu kwanza,
likija nyuma ya jengo langu nisikoweza kuona,
na mara tatu sasa nimemsikia ng'ambo ya uwanja,
glavu za kuoshea vyombo zinachuruzika povu,
akipiga kelele hadi mbwa wa ghorofa ya pili wakaitikia:
"Jirani! Dakika moja! Linakuja!"