Mara ya Ngapi

Mama haulizi habari za ndege wala hoteli.
"Huo unyayo, umeuona?"
Na mimi sijavua hata viatu mlangoni Kuze,
begi lingali na utepe wa uwanja wa ndege,
ndani yake kilo mbili za chai ya milima ya watu,
kana kwamba Shimanzi hakuna chai,
kana kwamba sishindi nikiivuta kwa kijiko,
naizungusha ulimini, naitema,
vikombe mia mbili kabla ya adhuhuri.

Niseme kweli, kazi ndiyo iliyonipeleka.
Kampuni ilitaka nikaone wenzetu wa Sri Lanka
wanavyonyausha majani.
Lakini Mama alishanitilia nia yake mkobani:
"Baba Adamu aliposhushwa aliangukia huko, Sarandibu.
Alama ya mguu wake iko juu ya mlima. Nitazamie."

Kolombo nilihisi sijatoka nyumbani.
Msikiti mwekundu wenye milia kama peremende,
mchukuzi akipiga kelele kwa lugha nisiyoijua,
nami nikapisha.
Asubuhi wanakula vibibi. Wallahi, vibibi vya tui,
ila wao huvunjia yai katikati.
Nilikula vinne nikimkumbuka shangazi Mwanajumbe
na mwiko wake ulioungua ncha.

Kandi ina ziwa, na kando ya ziwa hekalu la jino.
Jino moja, la Budha,
ndani ya kasha, ndani ya kasha, ndani ya kasha.
Watu wamevaa nyeupe, mikononi mayungiyungi.
Nilivua viatu kabla ya kuambiwa;
mguu wangu unaijua sakafu ya namna ile.
Kaka yangu Fumo atanuna akisikia. Na anune.
Sikusujudu. Sikucheka pia.
Nilisimama pembeni
kama wageni wetu siku ya Maulidi,
kikombe cha kahawa mkononi, wasijue waketi wapi.

Mlima tuliuanza saa nane za usiku.
Ngazi elfu tano na ushei, taa zimepangwa mpaka juu;
nilizitazama mara moja tu, nisije nikarudi.
Magoti ya kisiwani, yatajulia wapi mlima?
Mbele yangu bibi mmoja, Kusumavati, hana fimbo,
kila kona akisimama kunisubiri mimi,
akanimegea sukari guru.
Alisema neno, nikasema neno, hatukuelewana, tukapanda.
Baridi ikanipenya hadi kwenye huu ulimi ninaolipwa kwao.

Kileleni unyayo umefunikwa:
kitambaa, maua, noti zilizolowa umande.
Na wanasema ule wenyewe uko chini zaidi, jiwe juu yake.
Wao husema ni wa Budha. Wahindu, wa Shiva. Sisi, wa Adamu.
Hakuna aliyebishana; meno yalikuwa yakigongana.

Pana kengele. Aliyefika huipiga
idadi ya mara alizopanda.
Mimi nilipiga moja, ya aibu.
Kusumavati akashika kamba.
Nilihesabu hadi kumi na tisa,
jua likachomoza, naye hajaiachilia.

"Kwa hivyo hukuuona," Mama anasema.
"Sikuuona."
"Na miguu yote hiyo!"
Anacheka, anajifunga leso, anachukua dumu.
Mifereji imekauka tangu Jumatano,
mkokoteni wa maji uko chini.
Keti, nakwenda mimi, namwambia. Hasikii.

Ngazi arubaini na mbili, tangu alipoolewa nyumba hii.
Namsikia akirudi: pumzi, dumu, pumzi.
Mlangoni analitua,
analigonga ubavuni kwa pete yake,
ngo.
Kisha tena.
Kisha tena, ananitazama,
na mimi nahesabu, chai inapoa,
nahesabu, naona sitafika.