Matone Sita

Juzi walipoangusha ghala la Yeaman, hapa Lochee,
ukuta wa jirani ulitoka uchi
kama mtu aliyeporwa shuka usingizini.
Na ukutani, herufi,
kubwa kuliko milango, za buluu iliyochujuka:
SHARUBATI YA MAMA AULD.
HUTULIZA. HAIDHURU. MADAKTARI WOTE WAIJUA.
Na chini yake, kwa mwandiko wa kulala ubavu:

     Mwana akikulilia,
     nawe kengele yalia,
     tone sita kumtia,
     kutwa atajilalia.

Watu walitoka na simu zao.
Kijana mmoja wa ubomoaji,
kofia ya njano, mkate wa soseji mkononi,
alinisomea kwa sauti, akidhani sioni.
Akacheka. Afyuni, bibi! Kwa mtoto wa kunyonya!
Wazee wenu walikuwa wajinga kweli.
Nikamwambia mvua itanyesha.
Ilikuwa inanyesha tayari.

Kibaya chajitembeza, ndivyo isemwavyo.
Hiki hakikutembea. Kilisimama palepale
penye njia ya wanawake waendao kiwandani
saa kumi na moja na nusu alfajiri,
vumbi la juti la jana lingali kooni,
nao wakakisoma, kwa sababu kilikuwa kirefu kuliko wao,
na kwa sababu kengele, kweli, ilikuwa inalia.
Kuhusu kengele hakikudanganya.

Aliyeziandika ni babu yangu, Hendry Geekie.
Namjua kwa ile R, mguu mmoja unachechemea nje ya mstari.
Alilipwa shilingi nane na chupa tatu.
Alichora na mtoto pia: mashavu ya duara,
ngumi moja sikioni.
Kielelezo alikuwa naye nyumbani, amelazwa kwenye droo ya kabati.
Robina.
Mimi nina miaka sabini na tisa,
na huyu ni shangazi yangu,
ana miezi saba.

Chupa ya pili haikuisha.

Nyumbani halikusemwa.
Bibi yangu Elspeth akikuta kijiko cha chai kimeachwa mezani usiku
alikirudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo.
Baba alikua akidhani ni usafi.
Kilichosimuliwa ni kingine, tena kwa kicheko:
kwamba usiku mmoja wa Novemba babu alikamatwa
na ngazi begani na kopo la rangi,
akatozwa faini ya ulevi.
Babu, ambaye hakuijua ladha ya bia.
Hakuna aliyeuliza ngazi ilikuwa ya nini.
Mwaka uliofuata wakajenga ghala, ukuta ukafunikwa.

Sasa naiona kazi ya ile ngazi.
Yule mtoto, macho yake yamefunguliwa.
Si kazi ya fundi. Ni lami, imechuruzika,
jicho la kushoto kubwa kuliko la kulia,
mkono wa mtu asiyeona vizuri kwa sababu ya giza
au kwa sababu nyingine.
Maneno hakuyagusa, hata moja.
Kesho yake alihitaji kibarua.

Mkobani mwangu mna kichupa nilichonunua Jumanne,
vidonge vya rangi ya chungwa,
vinaniahidi magoti ya msichana.
Vimethibitishwa, kimeandikwa. Na nani, hakikutaja.
Asubuhi nimemeza viwili.

Unaujua ukuta huu, bibi? ananiuliza kijana.
Mtazame vizuri huyo mtoto, namwambia.
Anatazama. Anafuta mvua usoni kwa kiwiko.
Ajabu, anasema, tangazo la usingizi
na mtoto yuko macho.

Kisha king'ora chao kikalia,
akatia mkate wote kinywani, akaenda.