Kituo cha Mwisho

Saa kumi na mbili asubuhi, Miskolc. Theluji
imelala juu ya paa la kioo la bwawa
kama mtu asiye na kazi.
Mimi pia sina. Miaka thelathini na mmoja
niliendesha tramu, stesheni hadi kiwandani,
kiwandani hadi stesheni.
Sasa nina kofia ya mpira,
miwani inayovuja jicho la kushoto,
na mwalimu wa miaka kumi na tisa, Zsombor,
anayeniita Shangazi Etelka kisha ananikemea.

Kiwiko, asema. Kiwiko juu!
Usiyapige maji makofi, hayajakukosea.
Kiganja kiingie mbele ya bega, si mbele ya pua;
ukivuka katikati utakwenda kama nyoka,
na nyoka hana mikono.
Kisha shika. Si kupapasa, shika,
kana kwamba kuna pipa chini yako
unalikumbatia na kulisukumia nyuma.

Nakumbatia. Pipa lateleza.

Nahitaji mapigo ishirini na tisa kufika ng'ambo.
Zsombor hupiga kumi na manne,
na katikati yake utadhani analala.

Pumzi ndiyo iliyonitesa.
Nilikuwa nainua kichwa chote kutafuta hewa
kama abiria anayechungulia iwapo tramu yaja,
nyonga zinazama, miguu inafuata.
"Geuka, usiinuke.
Jicho moja libaki majini.
Hewa imo shimoni, kando ya shavu lako,
mwendo wako wenyewe umelichimba."
Wiki tatu sikumwamini.
Jumanne moja nikafungua nusu ya mdomo, kwa hasira,
na hewa ilikuwepo: kidogo, baridi, ya kutosha.

Lakini ukuta.

Mimi vituo vya mwisho navijua.
Tramu haigeuki: unachomoa ufunguo,
unatembea katikati ya viti vitupu,
unaokota gazeti, glavu moja ya mtoto,
unakaa upande wa pili, na nyuma inakuwa mbele.
Kuna nafasi hata ya kunywa chai.
Hapa hakuna. Hapa dereva ndiye behewa.

Msalaba mweusi sakafuni: hapo ndipo.
Pigo la mwisho, kidevu kifuani,
piga kichwangomba, puliza kwa pua.
Nikasahau kupuliza. Klorini ikanipanda
hadi nyuma ya macho, nikaibukia
njia ya jirani, kwa mzee Bertalan,
aliyeniamkia kwa adabu.
Mara ya pili nilipinduka mbali mno,
nyayo zikatafuta ukuta zikakuta maji matupu.
Ya tatu, karibu mno. Kisigino kikagonga ukingo;
usiku nilikikanda kwa barafu ya dirishani.

Mfa maji haachi kutapatapa, kweli,
ila mimi natapatapa kwa tiketi ya mwezi,
na nimeshalipa mpaka Machi.

Leo nimepinduka mara kumi na moja.
Kumi sizisemi.
Ile moja, magoti yalijikunja kama mlango wa behewa,
dari ikapita chini yangu na taa zake zote,
nyayo mbili zikatua pamoja kwenye kigae,
nikajisukuma ningali chali,
nikajizungusha polepole kama skrubu,
mikono imebana masikio,
kimya,
kimya kile cha reli ukishakata umeme
na gari linateleza lenyewe.

Niliibuka karibu na katikati ya bwawa.
Zsombor alikuwa anatazama simu.
"Umeweza?"
"Nimeweza."
"Haya, tena."