Hesabu ya Mayai

Kazi yangu ni kuhesabu mayai.
Kila Jumanne naletewa tope kavu
kutoka vitanda vya kuanikia, nyuma ya mabwawa.
Nasaga, nachekecha, nazungusha kwenye mashine,
kisha nainamia hadubini
kama mtu anayechungulia kwa jirani.

Humo mna mji mzima.
Mna Tabata na Segerea, mna Upanga ya maghorofani,
mna pilau ya Idi, chipsi mayai za usiku wa manane,
na vidonge alivyoandikiwa mtu,
akameza vitatu, akapata nafuu, vingine akavitupa chooni.
Unamwaga ndoo, unanawa,
unadhani mmeachana.
Kumbe umeyapeleka shule tu. Yatarudi na cheti.

Yakirudi huitwa mbolea.
Yameanikwa, yamegeuzwa kwa beleshi, harufu imekwisha,
Ngwali dereva anayamwaga ukingoni mwa bonde
na wakulima wa mboga wanapanga foleni.
Bei ni bure, ukija na kiroba chako.

Na sisemi uongo: inakuza.
Pale palikuwa mchanga na vipande vya malapa;
sasa mchicha unafika gotini,
matembele yanatambaa hadi njiani
kama watoto waliokosa wa kuwakanya.
Mbolea ya dukani haishikiki.
Nani atamwambia mtu aache?

Mimi.
Jumanne iliyopita: mayai matano ya minyoo,
magamba mazima, na ndani ya mawili
kitu kinajipinda.
Mvua ilinyeshea vitanda, watu wakawa na haraka,
tope likatoka kabla ya miezi yake.
Yai linataka jua na subira.
Jua tunalo.

Tena hilo la yai ndilo dogo.
Kuna karatasi nyingine, herufi ndogo,
inasema risasi, inasema kadimi:
betri zilizopasuliwa gereji,
maji ya kiwanda yaliyopenyezwa usiku
kwenye bomba la vyoo vyetu.
Yai utaliua kwa jua.
Risasi haifi, kwa kuwa haikuwahi kuishi.
Inakaa. Inangoja mzizi.

Sasa, katika foleni ile yumo mama mkwe wangu,
Bi Chausiku, mwenye matuta kumi na manne.
Na mkwe ni mkwe: mbele yake hata kukohoa naomba radhi.
Jumamosi nilimwendea na maneno niliyoyafua, nikayapiga pasi:
"Mama, ule udongo... yale masalia..."
Akaendelea kukata mchicha, peku, tope hadi vifundoni.
"Mavi," akasema. "Mkwe, nimelea saba.
Sema mavi, tuendelee."

Nikasema. Nikasema mayai, nikasema risasi,
kwamba tope lile ni afadhali liende kwenye miti,
si kwenye jani linalofika sahanini kesho yake,
kwamba avae buti.
Hakubisha. Aliuliza tu
yale ambayo karatasi yangu haina:
"Nikingoja hiyo miezi, nani atanilisha?
Na hao wa kiwanda umeshawaendea,
au umeanza na mimi kwa kuwa niko karibu?"

Nilipoaga alinifungia mafungu mawili, kama siku zote.
Cha mkwe hakirudishwi.

Sikwenda nyumbani. Nilipanda hadi kiwandani
na barua mkono huu, mboga mkono huu.
Geti lilikuwa limefungwa.
Mlinzi alifungua kidirisha, barua hakuigusa,
akanyoosha shingo, akanusa, akatabasamu.
"Wa bondeni huo? Unavyonawiri!
Bosi hayupo, kaka.
Ila fungu moja niachie."